Fundi, Wewe Uko Chama Gani?

Mjini hapa ukishataja kazi yako, mwenzio keshakupangia chama, tawi na shina, bado tu kukukatia kadi. Sema wewe bodaboda, utaambiwa unapenda fujo. Sema wewe mwalimu, watu watashusha sauti. Mimi ni fundi cherehani, nina kafremu kangu Tandika, na kila upande umeniandika kwenye daftari la upande mwingine.

Kosa langu ni moja: nashona. Ikifika kampeni, mashati ya kijani ya CCM na magwanda ya kaki ya CHADEMA yanapita chini ya sindano moja. Mama wa kijani akikuta kaki mezani anasonya, "Kumbe na wewe fundi umo!" Kijana wa kaki akikuta kijani anakunja uso, anahesabu vifungo vya gwanda lake kama vile nimevitegea kinasa sauti. Jamani, kitambaa hakina kadi. Kina mita tu, na mita ina bei.

Halafu hebu tazameni bendera ya CCM kwa makini. Tangu TANU na ASP ziungane mwaka 1977, pale kuna jembe na nyundo. Mkulima kapewa chake, mfanyakazi kapewa chake, sawa. Sindano iko wapi? Bendera yenyewe ilishonwa na mpiga nyundo? Hakuna cherehani, hakuna sufuria la mama ntilie, hakuna hata wembe wa kinyozi. Kwa Kenya walau mwaka 2022 walijaribu: chama cha UDA wakaweka toroli, Ruto akazunguka nchi nzima akiwaambia mama mboga na bodaboda kwamba zamu yao imefika. Juni 2024 vijana wakajaa barabarani kupinga Muswada wa Fedha, toroli sijui liliegeshwa wapi.

Turudi kwa bodaboda, maana hawa ndio wanaonichanganya. Kijiwe cha hapa kona wana kibao kabisa, "Shina la Wakereketwa", na bendera ya kijani juu ya bomba la chuma. Mgeni akipita anasema hawa ndio wenye chama. Akae nao kwenye benchi nusu saa! Bei ya mafuta inatukanwa, faini zinatukanwa, mbunge anatukanwa mpaka na ukoo wake, na bendera inapepea tu juu ya vichwa vyao. Siku moja nikamuuliza mmoja wao, "Kijana, hii bendera mnaipenda kweli?" Akacheka mpaka akashuka kwenye pikipiki. "Fundi, hiyo si bendera, huo ni mwavuli. Mgambo akija anaanza na wasiokuwa nao." Mgombea akija wanawekewa mafuta, wanapiga honi mji mzima. Wiki inayofuata anakuja wa upande wa pili na mafuta yake, honi ni zilezile na vijana walewale, kofia tu ndiyo imebadilika. Na kofia zenyewe wala hawakunipa mimi nishone, walileta za dukani.

Machinga naye chama chake nakijua, ni pembezoni mwa barabara. Mwishoni mwa 2018 Magufuli alipotoa vile vitambulisho vya shilingi 20,000, jirani yangu wa soksi na mikanda alikivaa shingoni mpaka msikitini. Hakuna chama kama CCM, akasema. Mwaka 2021 ikaja amri ya kuwatoa barabarani na kuwapeleka maeneo waliyopangiwa, jamaa yuleyule akahama upande, meza na mwavuli. Baadaye akarudi kimyakimya kwenye kona yake ya zamani na siasa amepumzika kidogo. Akisikia gari la mgambo ndipo anakumbuka itikadi.

Kuna shemeji yangu, mwalimu wa shule ya msingi. Huyu ukimtajia uchaguzi anakohoa. Kazi yake imetoa marais, hesabu mwenyewe: Nyerere alishika chaki, Mzee Mwinyi alishika chaki, Magufuli alifundisha sekondari kabla ya kuingia siasa. Yeye lakini ukimuuliza bei ya sukari tu anaangalia mlango. "Shemeji, mimi ni mtumishi wa umma." Nimekuuliza sukari, shemeji! "Ndiyo, hata sukari." Ukija uchaguzi anaitwa kusimamia kituo, anarudi nyumbani kimya kama alivyokwenda, na posho yake haigawi kwa chama chochote, hata kwa chama cha wakwe.

Heri askari, yeye Katiba imemmalizia mjadala. Enzi za chama kimoja walikuwa na matawi mpaka kambini, lakini siku hizi ibara ya 147 inamkataza kujiunga na chama, abaki na kura yake tu. Ninaye mteja askari, kila baada ya miezi michache analeta suruali nimwongezee kiuno. Vipimo vyake navijua vyote, na naona mshahara unakwendea wapi, ila chama chake hata nikimbana kwa futikamba hatoboi.

Wasanii nao walikuwa rahisi zamani. Ukisikia mtu wa hip hop, moja kwa moja upinzani: Sugu bungeni kwa CHADEMA kutoka Mbeya, Profesa Jay kwa CHADEMA kutoka Mikumi. Vijana wangu wa kushona vifungo wakaapa kabisa kwamba mistari na kijani haviendi pamoja. Ikafika 2020, Mwana FA akaingia bungeni kwa CCM kutoka Muheza, mmoja wao akashindwa kula mchana. Na mawakili je? Kwa sababu ya Tundu Lissu kila mwenye joho jeusi anaonekana mpinzani, wakati upande wa pili nao umejaza mawakili mpaka wanakosa kiti.

Mwenye msimamo usioyumba ni tajiri wangu wa vitambaa Kariakoo. Yeye yuko chama kinachoshika funguo. Kwake picha ukutani haijawahi kuchelewa, na mwenye kontena bandarini utamlaumu vipi?

Sasa juzi ndiyo ilikuwa kazi. Umeme umekatika, pasi imepoa, mama wa kijani kafuata blauzi zake kumi, na kabla hajakaa vizuri huyo kijana wa kaki mlangoni. Wakatazamana. Kijana anasema ninyi ndio mnaouharibu mji, mama anasema wewe mtoto umelelewa wapi. Mimi nimejificha nyuma ya cherehani, namwomba Mungu umeme urudi. Mara wote wawili wakakumbuka kilichowaleta, wakanigeukia. Hakuna blauzi, hakuna gwanda, vyote viko vipande mezani. Mama akamwangalia kijana, kijana akamwangalia mama, kwa mara ya kwanza wakaafikiana.

"Mwanangu, hawa mafundi chama chao kimoja tu."

"Njoo Kesho, mama. Hao hawana mpinzani."

Wakakaa benchi moja, wakanisema mpaka magharibi. Nikawaambia waje Jumatano.