Aliyegundua Siri ya Betri Hakuwa Mwandishi wa Habari

Wiki iliyopita nilisoma katika gazeti moja sifa za simu mpya zilizojaza nusu ukurasa, kisha nikagundua kuwa maneno yale yale, koma kwa koma, yamo kwenye tovuti ya kampuni inayoiuza. Mwandishi hakutuambia betri yake inakaa saa ngapi, wala kioo kikipasuka kinapatikana kwa shilingi ngapi. Alichotuhakikishia ni kwamba kamera yake itabadilisha maisha. Maisha ya nani, hakusema.

Ndiyo sababu nazitetea tovuti za habari za teknolojia zinazoendeshwa na wasomaji wenyewe, ambako msomaji huleta habari na wenzake huipima, wakaipandisha au wakaizika. Slashdot ilianza kupokea habari kutoka kwa wasomaji wake huko Marekani mwaka 1997. Reddit na Hacker News zilikuja baadaye. Wapo wanaoziona kuwa ni vijiwe vya wajuaji, nami sikatai kwamba wajuaji wamejaa humo, tena wengine hulipwa na kampuni ili wasifie.

Lakini tukumbuke yaliyotokea Desemba 2017. Mtu mmoja mwenye iPhone 6s iliyokuwa imeanza kujivuta alibadilisha betri, akaipima kasi kabla na baada, akaona tofauti kubwa mno, akawaeleza wenzake kwenye Reddit. Hakuwa na cheo wala kamera ya televisheni. Wengine wakajaribu simu zao, na siku chache baadaye John Poole wa Primate Labs, watengenezaji wa programu ya kupimia kasi iitwayo Geekbench, akachambua vipimo vingi vilivyokwisha kukusanywa na kuonyesha kwamba mwendo ule wa kobe ulianza kuonekana baada ya masasisho fulani ya mfumo wa simu. Tarehe 20 mwezi huo huo Apple, watengenezaji wa iPhone, ikakiri kuwa inapunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka ili zisizimike ghafla. Kabla ya mwaka kwisha ikaomba radhi na kushusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi dola 29, na mwaka 2020 ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi ya wateja Marekani, ingawa haikukubali kwamba ilikosea. Sasisho la kwanza kati ya yale lilikuwa limetoka mapema mwaka 2017. Waandishi waliokuwa wakialikwa kwenye uzinduzi na kupewa simu za majaribio walikuwa wapi miezi yote hiyo? Simu ya majaribio haizeeki mkononi mwa mwandishi, bali huzeeka mkononi mwako wewe uliyeinunua kwa akiba ya mwaka mzima.

Mimi mwenyewe, baada ya kusoma kisa hicho, nilimpelekea fundi simu yangu, ya aina nyingine kabisa, ambayo alikwisha kunishauri niitupe, nikamwomba aanze na betri. Aliguna, akabadilisha, na haikusaidia chochote! Tatizo lilikuwa hifadhi iliyojaa picha za harusi na video za salamu za asubuhi za magrupu ya WhatsApp. Hata hivyo, nilizifuta na simu ile nikaitumia miaka miwili zaidi.

Kinachoniuma ni kwamba mengi ya haya yanapatikana kwa Kiingereza. Jukwaa la mtandaoni la JamiiForums lilianza kutupa mahali pa kuulizana kwa Kiswahili mwaka 2006, lakini kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, pamoja na leseni na ada zake, hazikuwapa moyo vijana watatu waliotaka kufungua tovuti ya kujitolea ya kupima simu za bei ya chini.

Simu ile ya gazetini sijainunua. Nasubiri mkazi mmoja wa Mbagala aliyeitumia miezi sita atueleze, umeme ukikatika asubuhi, betri yake inamfikisha saa ngapi.