Kushinda mapema si kuukimbia mchezo

Civilization VI, mchezo wa kompyuta wa kujenga dola zamu kwa zamu, kwa kasi yake ya kawaida inakupa zamu 500 za kuitoa jamii yako kwenye zama za mawe na kuifikisha mwaka 2050. Wapo wachezaji wanaoshinda bila kugusa hata nusu ya zamu hizo, na sifa wanazopata ni chache. Huambiwa wanacheza kama wahasibu: hawajengi maajabu (majengo mashuhuri kama Petra na Stonehenge), hawana hadithi, wameichukua historia ya binadamu wakaifanya hesabu ya dukani.

Lawama hiyo haikuzuka hivi hivi. Soren Johnson, mbunifu mkuu wa Civilization IV ya mwaka 2005, aliwahi kuandika kwamba wachezaji wakipewa nafasi watatafuta njia yenye faida zaidi mpaka waiue raha ya mchezo wenyewe. Ni onyo la mtu anayeijua kazi yake. Ila Civilization IV hiyo hiyo ilimpa alama nyingi zaidi aliyeshinda mapema, kwa hiyo wachezaji hawakuizua tabia hii peke yao.

Anayecheza taratibu naye ana haki yake. Anapenda kuuona mji wake wa kwanza ukikua karne kwa karne, anajenga Petra jangwani kwa sababu inapendeza, anamlipizia kisasi jirani aliyemsaliti zamu 80 zilizopita. Hakuna anayepaswa kumharakisha. Tatizo langu ni pale anapodai kwamba yeye ndiye anayeucheza mchezo kwa ukamilifu, na kwamba mwenye haraka anaupitia juu juu. Ukweli naona uko upande wa pili.

Tazama Stonehenge. Inagharimu uzalishaji 180. Mlowezi wa kwanza anagharimu 80, na kila anayefuata anapanda bei kidogo, kwa hiyo ajabu moja la mwanzoni ni karibu sawa na walowezi wawili, yaani miji miwili. Mchezaji wa taratibu hana sababu ya kulitafakari hilo. Miji ataianzisha baadaye. Mwenye haraka hana “baadaye”. Mji ulioanzishwa zamu ya 25 unapanuka, unafanya biashara, unajenga maktaba, na kufikia zamu ya 100 umeshalipa gharama yake mara kadhaa. Ule wa zamu ya 90 bado unatafuta chakula. Kisha kuna bei ya wilaya, yaani eneo maalum la mji kama chuo, ambayo hupanda kadiri unavyoendelea kugundua teknolojia na kupitisha mageuzi ya kiraia, lakini ukishaweka msingi bei inajifunga hapo hapo. Anayejua hili huweka msingi wa chuo mapema, kando ya milima inayoongeza sayansi, hata kama ujenzi wenyewe utasubiri. Huyo ameisoma ardhi yake kigae kwa kigae, na ndiye tunayeambiwa haoni ramani.

Eureka nazo ndizo zinazonishawishi zaidi. Katika matoleo ya nyongeza ya mchezo huu, kutimiza sharti dogo, ndiyo Eureka yenyewe, hukupa asilimia 40 ya ugunduzi bure: jenga mji pwani upate msukumo wa usafiri wa majini, chimba machimbo ya mawe upate uashi, ua adui kwa mpiga kombeo upate upinde, fungua migodi mitatu upate ufundi wa uanagenzi. Kwa gunduzi za bei sawa, kumi zenye Eureka zinakugharimu kama sita zisizo nayo. Mti mzima wa teknolojia unapungua karibu nusu kwa mtu anayeishi maisha ambayo mchezo unamtaka aishi, yaani kwenda baharini, kuchimba, kupigana kidogo, kufanya biashara. Anayebonyeza zamu inayofuata huku akisubiri sayansi ijikusanye hulipa bei kamili. Ukikimbilia ushindi unalazimika kuugusa mchezo sehemu nyingi zaidi, tena kwa mpangilio, kwa sababu Eureka inayokuja baada ya ugunduzi kukamilika haina thamani yoyote.

Hata Zanzibar, iliyomo kama dola-mji ya kibiashara, wengi huipita tu. Ukiwa na wajumbe wasiopungua watatu pale, na kuwazidi wapinzani, unapata karafuu na mdalasini, bidhaa ambazo hazipatikani kwingine kokote kwenye ramani. Kila moja inaridhisha miji 6, wakati anasa ya kawaida huishia miji 4. (Wapemba watauliza karafuu hizo zimetoka wapi hasa, na wana haki.) Mwenye miji mitatu mizuri na maajabu yake hazihitaji. Mwenye miji kumi na miwili, inayotakiwa kuwa na furaha ili izalishe, atawapeleka wajumbe wake Zanzibar kabla ya kwingine.

Mwisho wa ushindi wa kisayansi, ule wa kurusha vyombo vya anga, ndipo hesabu inapokuwa tamu. Tangu nyongeza ya Gathering Storm ya mwaka 2019, chombo chako cha mwisho kikirushwa husafiri miaka ya nuru 50, mwaka mmoja kwa zamu. Yaani umeshashinda, halafu unakaa zamu 50 ukiangalia. Kila mtambo wa leza unaomaliza kuujenga huongeza mwaka mmoja wa nuru kwa zamu. Ukihesabu safari nzima, wa kwanza unaishusha kutoka zamu 50 hadi 25. Wa pili unaishusha hadi 17, wa tatu hadi 13, wa nne hadi 10. Wa tano unaokoa zamu moja tu. Mtambo wa kwanza peke yake una faida kuliko yote inayofuata ukiijumlisha, lakini ili uukamilishe mapema chombo kikisharuka unahitaji rasilimali na miji yenye vituo vya anga, vitu vilivyotakiwa kupangwa miaka mingi kabla. Fundi wa bao anayeona kete itaishia wapi kabla hajaichota hatumwiti mtu asiye na subira.

Wapinzani wa kucheza haraka wana hoja mbili ambazo siwezi kuzipuuza. Moja ni misitu. Ukimweka gavana Magnus mjini, kukata msitu kunakupa uzalishaji asilimia 50 zaidi, na mwenye haraka hukata karibu kila kitu. Gathering Storm ilileta bahari inayopanda kwa sababu ya makaa na mafuta, wazo zuri sana, lakini yeye anaondoka na ushindi kabla maji hayajafika miji ya pwani. Madhara yote yanabaki kwenye zamu ambazo hazitachezwa. Hilo ni pengo la wabunifu zaidi kuliko dhambi ya mchezaji, ingawa ni kweli kwamba nusu ya pili ya mchezo wao haionekani kabisa kwa njia hii.

Nyingine ni nzito zaidi. Wengi wanaotangaza zamu waliyoshindia huwa wameanza upya mara nyingi, wakitupa ramani hadi wapate milima, mto na jirani dhaifu. Namba ya namna hiyo inapima uvumilivu wa kubonyeza kitufe cha kuanza upya. Anayetaka kujua kama kasi yake ni ustadi achukue mwanzo mmoja uliohifadhiwa, kiongozi yule yule, ramani ile ile, ampe na mwenzake, kisha wahesabu zamu. Mwanzo usio na mlima hata mmoja utafaa zaidi.