Nta Ina Wenyewe

Simu iliita usiku, nikiwa nakula. Alikuwa mzee mmoja anayefuga farasi upande wa Usa River, namba yangu kaipata kwa dereva wa watalii. Shikamoo, marahaba, kisha akaenda moja kwa moja: "Kijana, nataka unichoree Simba."

Nikamwambia mzee, hapo umefika. Simba ndiye aliyenilipia kodi ya nyumba tangu nihamie Arusha. Nikamuuliza, amelala au anawinda?

Kimya kidogo.

"Amesimama," akajibu, kwa upole wa mtu anayeongea na mgonjwa. "Anakula majani."

Sikubisha. Wateja wenye hela ndio huwa na maombi ya namna hii. Nikauliza kama majike wawepo nyuma yake au tumwache peke yake. Mzee akakata simu, akanitumia picha kwenye WhatsApp. Farasi. Wa kahawia iliyoiva, shingo nene, soksi nyeupe mguu mmoja wa nyuma. Chini yake kaandika: "Huyu ndiye Simba."

Kabla hatujafika kwa nyuki, maana watafika, nieleze kazi yangu, kwa sababu kila nikisema nachora kwa nta watu wanadhani nauza mishumaa.

Nimelelewa kwenye tingatinga, uchoraji ule aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za baiskeli juu ya ubao wa dari. Chui, twiga, tembo, hao nawachora hata umeme ukikatika. Nta nimejifunza ukubwani. Unayeyusha nta ya nyuki pamoja na damari, yaani utomvu mkavu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki, sehemu nane za nta kwa moja ya damari, ili picha iwe ngumu na ing'ae. Unatia rangi ya unga. Unapaka ikiwa ya moto, na brashi haijafika kwenye ubao vizuri nta imeshaanza kuganda. Halafu kila tabaka unalipitishia moto lishikane na la chini yake, la sivyo picha itakuja kubanduka vipande ukutani kwa mtu na utapigiwa simu. Wengine hutumia mwali wa gesi. Mimi natumia bloa, ile ya mafundi simu. Turubai haitakiwi, kwa kuwa nta ikishaganda haikunjiki; tunapaka juu ya plaiwudi. Si mambo ya juzi haya. Watu wa Fayum kule Misri walichorwa kwa nta hii hii enzi za Warumi, karibu miaka 2,000 iliyopita, sura zao zikafungwa juu ya maiti zao, na mpaka leo wanakutazama utadhani una deni lao.

Sasa, farasi. Huku kwetu ni wachache, na si kwamba hatuwapendi. Mbung'o wanawapa nagana, halafu kuna ugonjwa mwingine wa virusi unaoletwa na usubi, unaoweza kumwangusha farasi mzima ndani ya siku chache wakati pundamilia anaubeba mwilini na kuendelea kula nyasi zake. Kwa hiyo mkono wangu unamjua pundamilia. Kila nilipojaribu kumchora Simba kwa macho tu, alitoka pundamilia asiye na milia: shingo fupi, masikio makubwa, manyoya ya shingoni yamesimama wima. Mzee angenifukuza.

Ndiyo maana nikaamua kutumia picha yenyewe. Njia ni hii: unachapisha picha kwa mashine ya leza, siyo ile ya wino wa maji, unailaza kifudifudi juu ya nta iliyopoa, unasugua mgongo wa karatasi kwa kijiko mpaka mkono ufe ganzi, unailowesha, unaifikicha karatasi kwa kidole mpaka iishe, na wino unabaki kwenye nta. Juu ya hapo unapaka nta nyingine zenye rangi. Kitu kimoja tu: ukilaza kifudifudi, picha inageuka. Kushoto kunakuwa kulia. Lazima iwe imegeuzwa kabla ya kuchapishwa.

Nikapiga simu duka la steshenari asubuhi, nikawaeleza. Kijana wa zamu ya asubuhi akaigeuza vizuri kabisa, akaihifadhi, halafu kwa wema wake akamwachia mwenzake karatasi: "GEUZA PICHA YA FARASI." Wa jioni akaitii. Ikageuzwa, na iliyogeuzwa ukiigeuza unajua inakuwa nini. Mimi nikafika, nikalipa, nikaenda nyumbani kusugua.

Hilo tuliache hapo kwanza. Nyuki.

Ile nta safi ya punje niliyokuwa naagiza ilikuwa imeisha, na ya kuagiza tena ilikuwa ghali. Pale Soko la Kilombero nikampata mama anayeuza asali ya Tabora, ana madonge ya nta ya njano, bei ya kirafiki. Inanukia mpaka unatamani kuitafuna. Na inanukia kwa sababu: asali ilikuwa bado imo humo humo. Nta ya namna hiyo huoshwa kwanza, inachemshwa na maji, inaachwa ipoe, uchafu unakaa chini, unaukwangua. Nikaiosha. Lakini asali ni asali, na ulikuwa mwezi wa tisa, mijakaranda haijachanua, vumbi tupu, nyuki wa mji mzima wanazunguka hawana pa kula.

Naishi chumba cha uani, Moshono, kwa mama mmoja wa Kichaga. Uani napachukua mimi asubuhi kwa kazi, yeye jioni kwa kukaa. Siku hiyo nilikuwa nimeweka jiko la umeme juu ya meza, sufuria ya nta juu yake, kipimajoto ndani, maana nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 au 64 hivi, na ikikaribia 100 inaanza kutoa moshi wa kuumiza kifua. Simba alikuwa ameegeshwa ukutani, anang'aa, nimebakiza manyoya ya shingo.

Alikuja nyuki mmoja. Akazunguka sufuria, akamzunguka Simba, akatua kwenye pua ya farasi, akakaa.

"Una mgeni," mama akasema kutoka kwenye beseni la nguo. "Nyuki akikutembelea, mgeni yuko njiani."

Nyuki akaondoka. Mtu ambaye hajui mambo ya nyuki angeendelea na kazi, na mimi nikaendelea na kazi. Baadaye nimesoma kuwa nyuki akipata chakula anarudi mzingani na kuwachezea wenzake ngoma inayowaeleza ni upande gani na ni umbali gani; mwanasayansi Karl von Frisch alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, na ngoma hiyo ni sehemu kubwa ya sababu. Kwa hiyo wakati mimi nachanganya rangi ya kahawia, mahali fulani Moshono kulikuwa na sherehe, na anwani yangu ndiyo ilikuwa wimbo.

Mgeni wa mama kweli akaja. Walikuwa wawili. Vijana wa mikopo ile ya kausha damu, mmoja kashika faili, mwingine hakushika kitu, yeye alikuja na mabega tu. Mama alikuwa na marejesho yaliyolala. Hawakusalimia. Mwenye faili akasoma kiasi cha deni kwa sauti, majirani wapate, kisha wakaingia ndani wakatoka na friji. Mama akaanza kulia. Mimi nimesimama na brashi yangu, nta inanigandia mkononi, sijui niseme nini, kwa sababu hata mimi kodi ya mwezi ule sikuwa nimempa.

Friji ilikuwa katikati ya uani pale tuliposikia ile sauti. Si sauti ya kuvuma kama watu wanavyosimulia. Mimi nilidhani ni lori linapanda mlima.

Wakashuka kutoka juu ya paa. Wa kwanza walikwenda kwenye sufuria, na hao hawakuwa na ugomvi na mtu, walitaka mali yao. Shida ni kwamba waliotua karibu na nta ya moto walinasa, na mwenye mabega, akitaka kuwafukuza, akawapiga kwa faili la mwenzake. Hapo biashara ikabadilika. Nyuki akichoma anaacha harufu inayowaita wengine waje wachome pale pale, na harufu hiyo inafanana na ndizi mbivu. Sasa nikwambie nyuma ya friji ile kulikuwa na nini: mikungu miwili ya ndizi mbivu ya mama, imevundikwa kwa ajili ya mbege.

Mwenye faili alikimbia kwanza, na alikimbia vizuri. Mwenye mabega alijaribu kujificha ndani ya friji. Nasema kweli. Alifungua mlango, akaingiza kichwa na bega moja, bega la pili likakataa. Akabaki hivyo, nusu kwenye baridi nusu duniani, mpaka walipomfikia sehemu zilizobaki nje. Alitoka hapo akaruka uzio wa michongoma bila kuugusa, na uzio ule mimi unanifika shingoni.

Mama na mimi tulikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa, taulo chini ya mlango. Mama anasali, "Yesu na Maria, Yesu na Maria," na kati ya sala na sala anachungulia dirishani kuhakikisha friji bado ipo.

Ndipo nikakumbuka sufuria. Jiko nimeliacha limewaka. Nta ikizidi moto inashika, na ikishashika huwezi kuimwagia maji, maana unautawanya moto nyumba nzima. Lazima mtu aende kuzima.

"Nenda wewe," mama akasema. "Wewe ndiye uliyewaita."

Akanivalisha. Koti la mvua la marehemu mumewe, soksi za shule za mjukuu mikononi, mfuko wa Rambo kila mguu, na juu ya yote chandarua cha kitanda cha futi sita, kile cha bluu. Nikafunguliwa mlango. Nilikwenda taratibu, kwa sababu nimesikia ukikimbia wanakufuata, lakini chandarua cha futi sita kinaburuta, na mwanzoni kabisa nikakikanyaga. Walioingia kwa chini hawakuona njia ya kutoka. Tukawa humo ndani pamoja, mimi na wao, tunatembea kulifuata lile jiko mezani kama familia. Nilichomwa shavuni, kwenye kope, na sehemu ambayo daktari wa zahanati aliiandika kwa Kilatini.

Nikafika mezani. Nikanyoosha soksi ya mjukuu kuzima jiko.

Taa ya jiko ilikuwa imezima. Umeme ulikuwa umekatika zamani.

Jua lilipozama wakaondoka wenyewe. Nikatoka na tochi kumtazama Simba. Manyoya ya shingo nilikuwa sijamaliza, lakini sasa yalikuwa yamemalizika: nyuki kibao walikuwa wamenasa kwenye nta laini, wamejipanga kuanzia masikioni hadi mabegani. Niliwatoa mmoja mmoja kwa kibanio cha nyusi cha mama. Miili ilitoka, mabawa mengi yakabaki. Nikapitisha bloa juu yake, nta ikayafunika, na kwenye mwanga yakawa yanametameta. Sitasema ilikuwa mbaya.

Mzee wa Usa River alikuja kuchukua picha mwenyewe. Uso wangu ulikuwa bado umevimba, jicho moja limefumba, nikampokea kwa lililobaki. Akasimama mbele ya picha muda mrefu, mikono nyuma. Nikasubiri aulize mabawa. Hakuuliza.

"Huyu ni farasi mzuri," akasema. "Wa nani?"

"Ni Simba, mzee."

"Simba soksi yake iko mguu wa kushoto."

Nikatazama. Kulia. Nikamwambia nta haina shida, inakwanguliwa na kuyeyushwa upya, soksi naihamisha sasa hivi wewe unakunywa chai. Akakubali. Nikakwangua, nikapaka mguu wa kushoto, nikapuliza bloa. Akarudi na kikombe chake, akatazama tena.

"Na manyoya ya Simba yanaangukia upande wa kulia."

Basi nikamweleza habari ya duka la steshenari, kijana wa asubuhi na kijana wa jioni. Mzee alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Alilipa yote, akasema atawaambia wageni kuwa ni pacha wake Simba. Kuhusu mabawa alisema tu, "Hapa kwenye shingo umetumia nini? Pamekaa vizuri."

Hela ile niliagizia nta safi ya punje, isiyo na harufu wala ndugu, na kodi ya mama nikalipa. Friji ilirudi jikoni, ila mlango una mbonyeo wa bega. Vijana wa mikopo walikaa kimya, kisha wakapiga simu: watakuja Ijumaa.

Ijumaa asubuhi mapema mama akanibishia hodi, kajifunga khanga vizuri, kakamata kikombe. Akakiweka mezani kwangu karibu na sufuria. Kilikuwa kimejaa asali.

"Mwanangu," akasema, "naona hii nta yako mpya hainukii. Hebu ichanganye na hii, halafu ukayeyushie pale mlangoni."