Jiko la kuni Uingereza: kibali kinachoulizia hewa

Jamaa yangu anayeishi Leicester alinunua jiko la kuni la chuma, la kilowati 8, akaambiwa asiliunganishe na dohani ya sebuleni kienyeji. Ama aiarifu halmashauri mapema na kulipia ukaguzi, ama amlete fundi aliyesajiliwa na chombo kama HETAS, ambaye anaruhusiwa kuithibitisha kazi yake mwenyewe na kutoa cheti. Alikasirika. "Nimekulia kwenye moshi wa kuni, leo nifundishwe kuwasha moto?"

Hasira yake ina msingi. Nyumba nyingi za zamani za Uingereza zina meko ya wazi, na anayewasha kuni humo haulizwi karatasi ya ujenzi, ingawa joto jingi linapanda na kupotelea juu ya paa. Akitaka kuweka jiko lenye mlango, linalotoa joto zaidi kwa kuni chache, ndipo anaposimamishwa. Anayeboresha ndiye anayelipishwa! Kwa mtu wa kijijini ambako bomba la gesi halijafika, mwenye mikono ya kufanya kazi hiyo mwenyewe, hii inafanana sana na kukomolewa.

Ila wengi wanaolalamika hawajasoma kibali hiki cha ujenzi kinauliza nini. Kinauliza hewa itaingilia wapi na moshi utatokea wapi.

Chukua jiko lile lile la kilowati 8. Kanuni za ujenzi za England zinasema kwamba katika nyumba ya zamani, kila kilowati inayozidi 5 inahitaji tundu la milimita za mraba 550 lililo wazi daima. Zidisha kwa tatu: 1,650, yaani tundu la kama sentimita 4 kwa 4. Boksi la kiberiti linatosha kuliziba. Nimelifikiria sana tundu hilo, kwa sababu kati ya chumba salama na chumba cha msiba hakuna zaidi ya hapo. Nyumba mpya, ambazo kila ufa umezibwa kuzuia baridi, hazisamehewi hata zile kilowati 5 za mwanzo. Jiko hilo hilo humo linadai milimita za mraba 4,400. Jiko la bibi chini ya makuti halikuhitaji hesabu hii. Kuta zenyewe zilipumua.

Na kwetu jambo hili si geni. Mtu wa Makete au Limuru amesikia habari za waliolala na jiko la mkaa, mlango na dirisha vimefungwa kwa baridi, wasiamke. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, mtu anadhani ni mafua. Ndiyo maana anayefunga jiko jipya la kuni England anatakiwa kuweka na kengele ya kugundua gesi hiyo chumbani humo.

Sheria ya moshi ni habari nyingine, ingawa watu huzichanganya. Ilianza 1956, baada ya ukungu wa moshi wa London wa Desemba 1952 kuua watu wasiopungua 4,000, na leo mwenye kufukiza katika eneo la udhibiti wa moshi huko England anaweza kutozwa hadi pauni 300. Hapa wapinzani wa kibali wananibana: mtu anaweza kuwa na cheti safi cha ujenzi na bado akamjaza jirani vumbi la moshi mapafuni.

Nawaunga mkono pia kwenye ada. Anayejifungia jiko mwenyewe ndiye hasa anayehitaji jicho la mkaguzi, na ada ikiwa kubwa anafanya kimyakimya. Siri hiyo hutoka siku ya kuuza nyumba, wakili wa mnunuzi anapoulizia cheti. Ningependa ukaguzi wa anayejifungia jiko uwe wa bei ndogo kuliko wote.

Jamaa yangu hatimaye aliita fundi aliyesajiliwa, na tundu likatobolewa ukutani. Januari nilipomtembelea nilikuta limesokomezwa gazeti, maana baridi ilikuwa inampiga miguuni akiangalia televisheni. Tulilichomoa kwanza, ndipo tukawasha.