Mwacheni Mama Mdogo Atembee

Kwenye maandalizi ya sendofu ya binamu yangu, mama mdogo aliinuka asaidie kuosha masufuria. Jiko zima likapiga kelele: "Wewe kaa! Unataka ugonjwa urudi?" Mtu kamaliza kemo, zile dawa kali za saratani ya titi, na mionzi kitambo, kliniki anakwenda kuangaliwa tu. Akarudishwa kwenye kiti cha plastiki, akaletewa soda. Hajaimaliza, ikaja nyingine.

Nakichukia kile kiti.

Ukoo wetu unaamini kumpenda aliyepona saratani ni kumkalisha. Mwaka 2025 yalitoka majibu ya utafiti wa watu 889 waliokuwa na saratani ya utumbo mpana, wote wameshafanyiwa upasuaji na kumaliza kemo. Kundi moja lilipewa maelezo ya kusoma kuhusu afya, jingine likapewa wasimamizi wa mazoezi kwa miaka 3, na kutembea kwa kasi kulitosha kabisa. Baada ya miaka 8, waliokuwa hai katika kundi la mazoezi ni takriban 90 katika kila 100. Lile jingine, 83. Hao saba ni watu, wana wajukuu. Sisi huku mama mdogo akifunga kamba za raba, geti linafungwa.

Halafu ule mkono! Upande alioondolewa titi haruhusiwi kubeba hata kipochi, eti utavimba. Utafiti uliochapishwa 2009 uliwapa vyuma vya mazoezi wanawake waliougua saratani ya titi ambao mikono yao ilikuwa imeshavimba, wakaanza na uzito mdogo wakiongeza taratibu, chini ya msimamizi. Haikuvimba zaidi ya mikono ya wenzao wasionyanyua. Sisemi kesho abebe gunia la mkaa. Aelekezwe na mtu wa fiziotherapia, aanze kidogo, akiona mkono unabadilika arudi hospitali.

Haya, nakubali, uchovu wa kemo si uvivu, kuna siku mwili unagoma. Na kama ugonjwa ulifika kwenye mifupa, daktari aulizwe kwanza. Ila siku ya kugoma anaijua mwenye mwili, si kamati ya mashangazi.

Nyie mnaomchemshia majani ya mstafeli kila asubuhi: hayajathibitika kutibu saratani ya binadamu yeyote, na yana kemikali inayoshukiwa kudhuru ubongo. Pombe aache. Sigara hata tusijadili. Mchicha, maharage, dagaa, safi. Na waliomkataza ndizi mbivu kwa kuwa "sukari inalisha kansa" ndio hao hao walioleta soda mbili.

Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima, waliopona saratani wakiwemo, wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ni nusu saa, siku tano. Sokoni kwa miguu, boda ipumzike. Kama mnaona anahitaji uangalizi, saa kumi na moja jioni jua likipoa vaeni raba mfuatane naye. Nyie wenyewe ghorofa moja tu mnahema.