Roboti kukagua preprinti sawa, ila alama ya tiki isitudanganye

Hili suala la kuziachia programu zikague preprinti limegawa watu, huyu anasema ndo dawa, yule anasema tunaleta upolisi kwenye sayansi. Preprinti, kwa asiyejua, ni ile makala mtafiti anaiweka mtandaoni kabla wenzake wa fani hawajaipitia. Kati ya tovuti za kuziweka, arXiv walianza 1991, bioRxiv 2013, medRxiv 2019, halafu ikaja Covid na makala zikamiminika kila siku.

Hapo ndo kuna watafiti wakaunganisha programu kadhaa wakaziita ScreenIT. ODDPub inatafuta kama data na msimbo wa kompyuta (code) vimewekwa wazi, SciScore inaangalia kama umetaja kibali cha maadili, ukubwa wa sampuli, washiriki kugawanywa kwa bahati nasibu, Barzooka inasaka chati za nguzo zinazoficha jinsi data zilivyotawanyika, JetFighter yenyewe inawinda zile rangi za upinde wa mvua zinazomchanganya asiyetofautisha rangi vizuri. Sasa binadamu gani atafanya hivyo kwa maelfu ya makala? Mi hapo nawaunga mkono, maana mengi ya haya mtu anasahau tu, hafichi kitu, na preprinti bado inarekebishika, ukiambiwa leo hujaandika mapungufu ya utafiti wako kesho unapandisha toleo la pili yameisha.

Ila programu inasoma maneno, haijui kama ni kweli. Kuna ile preprinti ya ivermectin, dawa ya vimelea iliyodaiwa kutibu Covid, iliyowekwa kwenye tovuti ya preprinti ya Research Square Novemba 2020, data zake zilikuwepo kwenye faili lenye nywila, mwanafunzi mmoja akabahatisha 1234 likafunguka (sitanii), na walipochimba wakakuta rekodi za wagonjwa zinazojirudia kama zimenakiliwa, Julai 2021 ikaondolewa. Programu inayotafuta tu sentensi ya "data zinapatikana" ingeweza kuipa tiki na kuendelea na safari. Na upande wa pili, mtu wa modeli za hesabu ambaye hana hata mshiriki mmoja anaweza kuulizwa mbona hujaeleza ulivyowagawa washiriki, sasa amgawe nani?

Halafu kuna aibu. Mwaka 2016 statcheck, programu inayopiga upya hesabu za takwimu, ilimwaga ripoti za makala kama 50,000 za saikolojia pale PubPeer, tovuti ambayo watu wanajadili makala za kisayansi, hata zile zisizo na kosa, na chama cha wanasaikolojia wa Ujerumani kikalalamika. Naelewa hasira yao, unaamka unakuta jina lako limeanikwa na mashine ambayo nayo inakosea. Lakini hao hao wa statcheck walishaonyesha kwamba karibu nusu ya makala walizopima zina angalau hesabu moja isiyoendana, kwahiyo huwezi kusema walikuwa wanatafuta umaarufu tu.

Kwangu mimi inategemea ripoti inasema nini. Kama ni "hakuna linki ya data", weka hadharani hata dakika hiyo hiyo, msomaji yeyote anafungua makala anahakiki mwenyewe. Kama ni "hesabu yako ina kosa", mwandishi aipate kwanza kwenye barua pepe, apewe wiki mbili tatu za kujibu, na ikienda hadharani jibu lake likae hapo hapo chini ya ripoti.