Catch a Fire: Mkono wa London katika rege ya Kingston

Mwishoni mwa mwaka 1972, kanda zilizorekodiwa na The Wailers, kundi la rege la Bob Marley, Peter Tosh na Bunny Livingston, katika studio za Kingston zilifika London mikononi mwa Chris Blackwell, mwenye kampuni ya muziki ya Island, aliyekuwa amewakabidhi vijana hao pauni 4,000 za kutengenezea albamu huku watu wakimwonya kuwa hela yake imekwenda na maji. Kabla ya kuitoa albamu hiyo Aprili 1973 kwa jina la Catch a Fire, Blackwell alimwita Wayne Perkins, mpiga gitaa wa Alabama ambaye rege ilikuwa ngeni kwake, pamoja na John Bundrick, mpiga kinanda wa Texas, wakaongeza vyombo vyao juu ya kazi iliyokwisha kurekodiwa Jamaika. Ubishi juu ya uamuzi huo haujaisha hadi leo.

Wanaomlaumu wanasema kwamba rege ilipakwa rangi ya rock ili iwavutie wanunuzi weupe, na tangu mwaka 2001, matoleo ya Jamaika yalipochapishwa yakiwa na nyimbo mbili zilizokuwa zimeachwa nje, hoja yao imepata ushahidi wa kusikika. Chukua Concrete Jungle. Katika toleo la Kingston, gitaa la besi, ambalo katika wimbo huu lilipigwa na kijana Robbie Shakespeare badala ya Aston Barrett, mpiga besi wa kundi, linasema maneno machache kisha linanyamaza, nduguye Aston, mpiga ngoma Carlton Barrett, anaushusha mpigo mzito kwenye pigo la tatu, na uwazi unaobaki kati yao ndio unaoubeba wimbo wa mtu aliyefungwa na mji. Katika toleo la London uwazi huo umejazwa: gitaa na kinanda vinatangulia, na katikati Perkins anapiga solo ambayo noti yake moja inavutwa mpaka inalia. Ni solo nzuri mno, na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu sikio linaifuata yenyewe na kuiacha besi.

Hata hivyo, hoja ya usafi wa rege haisimami imara kama wenyewe wanavyodhani. The Wailers walikulia kwenye nyimbo za soul za Marekani, hasa za kundi la The Impressions, na uimbaji wao wa sauti tatu ulijengwa juu ya msingi huo. Bundrick naye hakuokotwa njiani, kwa kuwa mwaka 1971 alikuwa Sweden akifanya kazi na Marley katika shughuli za mwimbaji wa Marekani Johnny Nash. Marley mwenyewe alikuwapo London nyongeza hizo zilipokuwa zikifanywa. Isitoshe, Perkins anasikika katika nyimbo tatu tu, na 400 Years ya Peter Tosh, wimbo wa utumwa usiombembeleza mtu, ulibaki na makali yake.

Watetezi wa Blackwell nao hupenda kutia chumvi. Wanadai kwamba bila gitaa lile dunia isingeisikia rege, ilhali Catch a Fire iliishia nafasi ya 171 katika chati ya albamu za Marekani, na wimbo uliolifikisha jina la Marley kwa wasikilizaji wengi huko ulikuwa I Shot the Sheriff, ulioimbwa upya na Eric Clapton mwaka 1974. Wanachoweza kudai kwa haki ni kidogo zaidi, ingawa si haba: wakati ambapo rege ilinunuliwa Uingereza kwa wimbo mmoja mmoja, Blackwell aliiuza kama albamu ya kundi lenye hadhi sawa na makundi ya rock.

Kwa maoni yangu, badiliko zito zaidi lilikuwa kwenye jalada. Toleo la kwanza lilikuwa na jalada lenye umbo la kiberiti cha Zippo kinachofunguka, na jina lililoandikwa lilikuwa The Wailers. Toleo lililofuata lilikuja na picha ya Bob peke yake akivuta bangi, iliyopigwa na Esther Anderson, na jina likawa Bob Marley and the Wailers. Kundi la waimbaji watatu, ambamo Tosh alikuwa na nyimbo zake na Bunny Livingston sauti yake, likageuka mtu mmoja na wasindikizaji wake. Kufikia mwaka 1974 Tosh na Bunny walikuwa wameondoka. Bunny alikuwa na sababu zake nyingine, zikiwemo ziara asizozitaka, lakini Tosh hakuficha chuki yake kwa Blackwell, akimwona kuwa ndiye aliyempandisha Bob juu ya wenzake.

Ndugu wawili waliobaki, Aston na Carlton, waliendelea kuushika mpigo mpaka Marley alipofariki mwaka 1981. Mwaka 2006 Aston alifika Mahakama Kuu ya London kudai mrabaha wake na wa hayati Carlton, akashindwa, kwa kuwa ilionekana alikwisha kuyaachilia madai hayo katika makubaliano ya mwaka 1994.